Gari Dogo la Zamani na Maana ya Kukinai

Katika darsa yetu limezuka swali ambalo mwanzo wake lilikuwa mzaha, kisha likageuka kuwa jambo la kuzingatiwa. Mmoja wa wanafunzi alisema ya kuwa mtu mwenye gari dogo kuukuu, akadai kuwa ameridhika nalo, hana sifa yoyote ya kusifiwa. Kwani lau angeliweza kupata kubwa angelilinunua, na kuridhika kwa asiyeweza si kukinai bali ni kukosa tu. Mwenziwe akamjibu kuwa kukinai ni kukinai, awe mtu anacho au hana. Wakavutana hata wakati ukatupita. Nimeona niandike hapa lile ninaloliona kuwa ndilo la sawa, kwani neno hili si la magari peke yake, ijapokuwa nitakayoyataja ni ya magari.

Mfano wetu na tuuchukue bara, katika miji ya Kitale na Bungoma, ambako tuna ndugu zetu Waislamu wasiokuwa wengi, na ambako nimepata kwenda mara kadha kuwazuru. Wazee wetu wa pwani waliifikia nchi ile kwa miguu, katika misafara iliyokuwa ikienda kwa Nabongo Mumia, nao walitembea kwa miezi wakiwa na mizigo vichwani. Baadaye ikaja reli, na tawi lake likafika Kitale katika mwaka 1926. Leo mtu hutoka Kitale asubuhi akashuka kwa Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hata Webuye, kisha akashika njia kuu iendayo Malaba na Uganda, akawa Bungoma kabla ya jua kupanda sana. Safari yote haifiki kilomita 100. Na kipando anachokwenda nacho mtu wa makamo, mwalimu, mwenye duka, karani au mkulima wa mahindi, aghalabu ni gari dogo la Kijapani lililokwisha pita mikono mingi.

Katika magari hayo lililo mashuhuri ni Toyota Vitz, na kabla yake nduguye Starlet. Vitz ilitolewa Japani katika mwaka 1999, ndio mwaka ule ule Starlet ilipokoma kutengenezwa. Na injini yake ya mwanzo haikufika ukubwa wa lita moja kamili. Jina hilo la Vitz limeachwa Japani tangu mwaka 2020, lakini magari yenyewe hayakuacha kwenda. Na kwa kuwa kanuni ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8 tangu kuandikishwa kwake, Vitz ya mwanzo uionayo leo mbele ya duka la Kitale si ngeni, bali ni mwenyeji wa siku nyingi: imekwisha zoea mashimo yetu na vumbi letu, na mafundi wa chini ya miti wanaijua kama wanavyozijua nyundo zao.

Na tufanye hisabu kidogo, kwani wako watu hawaamini mpaka waone tarakimu. Gari dogo la namna hii, likiendeshwa kwa upole, hupata kilomita 15 kwa lita moja ya petroli. Gari kubwa refu lenye injini nzito huenda lisipate zaidi ya 7. Tukisema safari ya Kitale na Bungoma ni kilomita 90, basi kwenda na kurudi dogo hunywa lita 12, na kubwa hunywa karibu lita 26. Zilizozidi ni 14. Sisi wa Mombasa, ambao mafuta hushukia bandarini kwetu, hununua kwa bei iliyo chini kuliko watu wa huko juu. Lakini katika Septemba 2023 bei ilipita shilingi 200 kwa lita hata Nairobi. Kwa bei hiyo lita 14 ni shilingi 2,800. Mwenye kwenda mara moja kila juma, kwa mwaka hupoteza shilingi 145,600, na huko ndiko kule kule anakofika mwenziwe, kwa njia ile ile, na saa yenyewe ni karibu ile ile. Fedha hiyo ingelisomesha mtoto.

Wala udogo wa magari haukuanza kwa kukosa maarifa. Mini ya Waingereza ilizaliwa katika mwaka 1959, na asili yake ni dhiki ya petroli iliyowapata baada ya vita vya Suez vya mwaka 1956. Rais Nasser alipokwisha kuutaifisha mfereji wakaenda kumpiga, mafuta yakakatika, ikawa petroli Uingereza huuzwa kwa vibali. Ndipo mafundi wao walipoambiwa watengeneze gari la urefu wa mita 3 hivi litakalochukua watu wanne. Basi wakubwa wa dunia walifundishwa udogo kwa kulazimishwa, na walipoujua waliupenda, hata matajiri wao wakawa wanashindana kuupata.

Ama huku kwetu pwani gari limekuwa kilemba. Mtu hatazamwi amekuja na neno gani, bali amekuja na gari gani. Katika arusi zetu hukodishwa magari ya kujivunia kwa saa chache, na asiyekuwa nayo hulificha lake nyuma ya nyumba. Nilikuwapo kwa mzee mmoja wa Kitale, mwenye asili ya Mombasa, alipozuriwa na mtoto wa nduguye. Kijana alilitazama gari la mzee, rangi imekwisha kufifia, akasema, "Ami, hili nalo hujaliuza bado? Watu watasemaje?" Mzee akamwambia, "Watu wa wapi, mwanangu? Wa Kitale wanajua kuwa sina deni la mtu, na wa Mombasa hawaninunulii petroli." Kisha akachukua kitambaa akaendelea kulipangusa kioo, kwa mapenzi kama apangusaye uso wa mtoto.

Mapenzi hayo ndiyo yaliyonipa kufikiri. Wako wanaodhani kuwa mtu wa dini hapaswi kukifurahia kipando chake; akipande tu kama apandaye ngazi. Hilo si kweli. Katika Sura An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametaja farasi, nyumbu na punda, akaeleza kuwa ameviumba ili vipandwe na viwe pambo. Mzingatie, ndugu msomaji, kuwa punda ameingia katika aya hiyo pamoja na farasi. Pambo halikuwekwa kwa farasi peke yake. Mwenye punda naye ana haki ya kumtazama punda wake asubuhi akaona uzuri. Na Mtume (S.A.W.) alikuwa na vipando vyenye majina: ngamia wake, nyumbu wake Duldul, na punda aliyekuwa akiitwa Ufayr. Imo katika Bukhari ya kuwa Muadh bin Jabal (R.A.) alikuwa nyuma ya Mtume juu ya punda huyo Ufayr alipofundishwa haki ya Mwenyezi Mungu juu ya waja wake. Elimu kubwa kama ile ilitolewa juu ya mgongo wa punda, na wawili wamepandana! Sijui ni nani leo katika sisi wenye vilemba angelikubali kuonekana hivyo njiani.

Ibn Hibban amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikihesabu kipando chenye raha katika mambo manne ya kumfurahisha mtu, pamoja na mke mwema, jirani mwema na nyumba yenye wasaa. Hadithi hii hutumiwa sana na wapendao magari makubwa. Nami sina ugomvi nao katika hadithi, ugomvi wangu ni katika neno raha. Je, ana raha gani mtu ambaye gari lake lina viti vya ngozi, lakini mwisho wa mwezi ukikaribia hulala macho wazi?

Hapa ndipo penye jawabu la swali letu. Yule mwanafunzi wa kwanza amesema kuwa asiyeweza kununua kubwa hana fadhila kwa kuridhika na dogo. Neno hili lingelikuwa na nguvu katika zama za babu zetu. Zamani maskini hakuwa na njia ya kupanda farasi wa sultani. Tamaa yake ilizuiwa na mlango uliofungwa. Leo mlango huo umefunguliwa. Karani wa Bungoma mwenye mshahara wa wastani akitaka gari la thamani mara tano ya alilo nalo, atalipata kabla ya Ijumaa: wako wakopeshao kwa kushika hati ya umiliki wa gari lenyewe, wako wakopeshao kwa kukata mshahara, na wako wampigiao simu yeye kabla hajawapigia wao. Basi huyu si asiyeweza. Anaweza, na amekataa. Kila siku anapotia ufunguo katika gari lake dogo anakataa tena. Fitina iliyokuwa ya matajiri peke yao sasa imemfikia kila mtu, na kwa ajili hiyo fadhila ya kukinai nayo imemfikia kila mtu. Hata yule ambaye hawezi kweli, kukinai kwake ni kwa moyo kutomtazama mwenye kubwa kwa jicho la husuda, na hiyo ni kazi wala si kukosa. Husuda haihitaji fedha.

Na deni, ndugu zangu, si mchezo. Ikiwa lina riba, hukumu yake yajulikana, sina haja ya kuirefusha. Lakini hata lile la murabaha, linalotolewa na benki za Kiislamu zilizofunguliwa Kenya tangu 2007 na 2008, ijapokuwa ni halali bado ni deni. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na kuzidiwa na deni, na aliletewa maiti mwenye kudaiwa asimsalie, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulilipa. Tazama uzito wake: maiti yuko mbele, safu zimepangwa, na sala imesimama kwa dinari chache. Nasi twaingia katika deni la miaka mitano kwa ajili ya bati lililopakwa rangi! Nimejua nyumba ambayo mume alilipa gari kwa wakati kila mwezi na nafaka ya mkewe ikachelewa. Mke yule alipolalamika aliambiwa hana shukrani, kwani hupandishwa gari zuri.

Sisemi kuwa gari kubwa ni haramu. Aliyepewa wasaa na Mola wake, akatoa zaka yake, akawatimizia watu wake, akanunua kwa fedha yake, basi ni neema yake na hapana wa kumkataza. Mkulima mwenye kupeleka mbolea katika njia za mlimani Elgon wakati wa masika hawezi kufanya kazi yake kwa Vitz, na kumlazimisha ni ujinga. Tena kibri hakimo katika kipando. Alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake na kiatu chake kiwe kizuri, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa Mwenyezi Mungu hupenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Walakini viko vipando vinavyoshawishi kibri zaidi ya vingine. Sayyidna Umar (R.A.) alipokwenda Sham aliletewa farasi wa fakhari, akampanda, na farasi akaanza kujitikisa kwa maringo, Umar akashuka upesi akarudia ngamia wake, kwani aliuona moyo wake unataka kugeuka. Yeye ni Umar. Sisi je?

Na hata hayo maringo hayadumu. Ngamia wa Mtume (S.A.W.) aitwaye Al-Adhbaa hakuwa akishindwa mbio, akaja bedui na ngamia wake mchanga akamshinda, Waislamu wakaona uchungu, na Mtume akawafahamisha kuwa ni ada ya Mwenyezi Mungu kutokinyanyua kitu cha dunia ila hukishusha. Wazee wasomao haya watakumbuka mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa katika mwaka 1953 kwa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika 1954, tena 1957, tena 1962, aliyeshinda wote alikuwa ndani ya Volkswagen, lile gari dogo la mgongo wa kobe lenye injini nyuma, ambalo halipozwi kwa maji bali kwa upepo, hata halina rejeta ya kupasuka. Magari makubwa yenye nguvu yalibaki matopeni. Hayo aliyaona kila mtu, na mwaka uliofuata watu wakaendelea kuyastahi makubwa kama kwamba hawakuona kitu.

Sasa yako maradhi ya upande wa pili, nayo ni yenye kujificha. Mtu huwa na gari dogo kuukuu, akaanza kulipenda si kwa kuwa lamfikisha, bali kwa kuwa lamwonyesha mbele za watu kuwa yeye ni mchamungu. Akiona kubwa limepita huguna. Akipandisha mgeni huomba radhi kwa udogo wake, na ndani ya moyo anangoja kusifiwa. Imam Ghazali, katika Ihya, alipozungumza juu ya riya alitaja wale wajionyeshao kwa nguo zilizochakaa; lau angelikuwapo zama zetu hapana shaka angeliongeza magari yaliyochakaa. Huyu na mwenye gari la fakhari ni ndugu wawili, kila mmoja anawadharau watu kutoka dirishani mwake. Yule mzee wa Kitale hakuwa hivyo. Alilipangusa gari lake kwa kuwa lilikuwa na vumbi.

Jambo lenye uzito zaidi ya haya yote ni breki. Ninasikitika kuona wenye magari ya zamani wanachanganya ubahili na kukinai. Kutonunua gari jipya ni kukinai. Kutonunua pedi za breki ni dhulma. Njia ya Webuye mpaka Malaba ina malori mazito yaendayo Uganda na Kongo, mchana na usiku, na gari dogo likishindwa kusimama mbele ya lori hapana mazungumzo ya pili. Na mwenye tairi lililokwisha meno, akateleza siku ya mvua akamuua mtoto wa watu kando ya njia, hawezi kuja na hoja ya kuwa alikuwa akifanya iktisadi. Kanuni ya sharia ni mashuhuri: hapana kujidhuru wala kudhuru wengine. Kwa hivyo alipaye gari dogo haki yake, akabadilisha oili kwa wakati, akatazama maji, akashika usukani kwa utulivu, huyo amefanya shukrani kwa viungo. Na afanyaye kinyume chake amefanya khiyana katika amana, hata ikiwa amesoma dua ya kipando kwa tajwidi.

Kadhalika mtindo wa kuwajaza watu. Gari lililotengenezwa kwa watano hutiwa wanane au tisa, mmoja akakaa pamoja na dereva katika kiti kimoja, na mwenye gari akasema anawasaidia wasafiri. Ikiwa anatoza nauli basi anajisaidia yeye. Ikiwa hatozi, bado hana rukhsa ya kuhatarisha roho alizokabidhiwa. Lakini nafasi iliyo tupu ina haki yake. Mtume (S.A.W.) aliwaagiza wenye kipando cha ziada wampe asiyekuwa na kipando, kama alivyopokea Abu Said al-Khudri (R.A.). Mwenye viti vinne vitupu akitoka Bungoma kurudi Kitale jioni, akampita mwalimu wa madrasa anayemjua, amesimama Misikhu katika mvua na mtoto mgonjwa, amekosa nafasi kubwa ya thawabu kwa kitu kisichomgharimu hata kikombe cha petroli. Gari dogo lililochukua mgonjwa hospitali usiku, au lililopeleka sanda na mbao za maziko kijijini, limekwisha kuwa kubwa mbele ya yule Ambaye hapimi kwa urefu wa boneti.

Limebaki la kuuziana, na katika magari ya zamani hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Gari hutoka Kitale likauzwa Bungoma. Kabla ya kuuzwa hesabu ya kilomita hurudishwa nyuma, injini ivujayo ikaoshwa ikang'aa, na kutu ikapakwa rangi. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akaona umaji chini yake, alimkemea muuzaji kwa kuuficha, na alimtaka auweke juu watu wauone. Basi mwenye kuuza na aiweke kutu juu. Na baadhi ya wauzaji husema, "Nimekuuzia kama lilivyo, mwenyewe umeliona," wakadhani wamekwisha kuepukana. Katika madhehebu yetu ya Shafi sharti la kujiepusha na aibu ya kinachouzwa halimwokoi muuzaji katika aibu aliyoijua akainyamazia. Mnunuzi ana khiyari ya kurudisha pindi anapoigundua, maadam hakuchelewa bila ya udhuru. Wanavyuoni wamelegeza katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua, kwa kuwa mnyama hula na hugeuka hali, na ndani yake hapaonekani. Niliulizwa Bungoma kama gari nalo laweza kukisiwa na mnyama kwa kuwa linakwenda na linakunywa. Nilijibu kuwa haliwezi, kwani boneti hufunguliwa.

Wallahu aalam.